Matokeo Yamepangwa, Ndiyo. Halafu?

Jana nimeulizwa tena: "Mieleka ya WWE, ile kampuni ya Marekani, si maigizo tu? Mshindi si anajulikana?" Anajulikana, na si siri. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, enzi hizo ikiitwa WWF, iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, si mashindano, ili iondolewe chini ya usimamizi wa tume ya michezo. Zaidi ya miaka 30 imepita na kumbi bado zinajaa. Mtu mzima anayejua yote hayo anapiga kelele kwa ajili ya nini? Hilo ndilo swali.

Mimi ninafundisha mieleka, na wanaonikera zaidi ni wale wanaokubali kwamba kuna stori, kisha wanadhani stori ni maneno ya kwenye maiki na pambano ni la kujaza muda. Hapana! Stori inabebwa na mwili.

Tazameni Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (onyesho kubwa la kampuni hiyo la kila mwaka), Machi 23, 1997, Rosemont, jirani na Chicago. Sharti lilikuwa mmoja asalimu amri. Hart aliingia akiwa steringi, Austin adui. Mwishoni Hart anamkunja miguu, anamlaza kifudifudi na kumpinda mgongo. Austin amepasuka kichwani, damu inamtiririka hadi kwenye meno. Anasukuma turubai kwa mikono, anainuka nusu, karibu achomoke, anarudi chini. Hagongi turubai kuonyesha kwamba amesalimu amri. Anazimia bila kusalimu amri, na refa Ken Shamrock anamaliza pambano. Hart ameshinda kihalali, lakini anarudi kumpiga mtu aliyelala, mpaka Shamrock anamvuta. Austin anakataa msaada, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe huku watu wakiita jina lake. Adui kawa steringi, steringi kawa adui, na hakuna aliyeshika maiki.

Ndiyo maana darasani sina subira na kijana anayesahau mguu wake. Goti likipigwa dakika ya tatu, dakika ya kumi lazima bado achechemee. Akitaka kuruka kutoka kwenye kona, asite kwanza, alishike. Akiruka kama hakuna kilichotokea, ukumbi unapoa papo hapo, hata kwa wale ambao hawawezi kueleza kwa nini. Mbinu za kurusha na kuanguka wanazijua mapema tu. Hii ya kukumbuka maumivu inachukua miaka.

Kuna jambo moja ambalo silifundishi kwa kujiamini. Adui tunaweza kumtengeneza: atukane mji, apige mtu kwa nyuma, imetosha. Steringi ni kazi nyingine. Januari 2014 Batista alipewa ushindi wa Royal Rumble, pambano la wanamieleka 30 wanaotupana nje ya ulingo, kule Pittsburgh, ukumbi ukamzomea kwa sababu ulimtaka Daniel Bryan, ambaye hata hakuwemo kwenye pambano lile. Aprili Bryan akawa bingwa. Mwaka 2019 Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliingizwa kwenye Elimination Chamber, pambano la watu sita ndani ya kizimba, kwa sababu mwenzao Mustafa Ali alikuwa ameumia. Mashabiki wakakumbuka miaka yake 11 ya kuwekwa pembeni, na Aprili 7 akamvua Bryan mkanda wa ubingwa. Miaka ile 11 haikupangwa na mwandishi yeyote ili iishie pale. Mara nyingi nahisi kazi yetu kubwa ni kutoharibu kile ambacho watazamaji wameshaanza kukijenga wenyewe.

Oktoba mwaka huohuo kikaharibiwa. Brock Lesnar alimpiga Kofi kwa sekunde chache tu, mkanda ukaondoka, na watu walikasirika kweli, watu walewale wanaojua kila kitu hupangwa. Mashabiki ninaowajua mimi wangekubali apoteze. Walitaka apewe dakika 15 za kupigana, ajaribu kila alichonacho, ndipo ashindwe.