Fizi Zikirudi Nyuma, Uliza Vipimo Kabla ya Kukubali Tiba

Mama mmoja, muuza vitenge kutoka Arua, alikaa kwenye kiti, akainua mdomo kwa kidole na kunionyesha chonge la juu. "Daktari, jino hili linarefuka. Wengine wanasema ling'olewe, wengine nipandikizwe nyama. Nikubali lipi?"

Jino halirefuki. Ufizi ndio ulipanda ukaacha mzizi wazi, wa manjano, na ndiyo maana maji baridi yalimchoma. Nikachukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, nikakipitisha polepole kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4, hasa panapotoka damu, huenda ugonjwa umeanza kula mfupa. Kina chake kilisoma 2, damu hakuna. Kilichomdhuru ni mswaki mgumu, na unga wa mkaa aliousugua kwa nguvu kila asubuhi. Nilimwambia achukue mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, arudi baada ya miezi 6.

Ningekuta milimita 6 na ugaga mweusi, uchafu mgumu ulioganda kwenye jino, chini ya ufizi, ningemsihi akubali kukwanguliwa ugaga huo mapema. Hapo kungoja ni kupoteza mfupa, nao ukishaliwa haurudi wenyewe. Nawasikia wengi wakisema kukwangua ugaga kunalegeza meno, na hofu yao naielewa: uvimbe ukishuka mianya huonekana, baridi huuma siku kadhaa, na jino lililoshikwa na ugaga laweza kucheza. Lakini limelegezwa na ugonjwa, tena kabla hujafika kwetu.

Kupandikiza ufizi, kwa wengi, hakuna haraka. Nyama hukatwa kwenye kaakaa, kwa hiyo unauguza vidonda viwili. Hufaa pale mzizi unapozidi kufunuka, au maumivu yamekataa kutulia. Mvutaji sigara hupona vibaya, na mwenye kisukari aishushe sukari kwanza.

Kabla ya kusema ndiyo, muulize daktari: kina ni milimita ngapi, damu inatoka wapi, na nikingoja miezi mitatu nitapoteza nini? Anza na kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu. Kwa upasuaji huenda ukaelekezwa hospitali ya rufaa ya Mulago, Kampala. Namba ziandikwe, ubaki nazo.

Yule mama alikunja karatasi yake akaifunga kwenye pindo la kitenge. Akirudi tutapima chonge lile lile, tulinganishe.