Matabishi njo inaleta huduma nzuri?

Hapa Goma batu wengi tunaamini hivi: ukimuachia serveze matabishi, ile pesa ya ziada juu ya fakture, atakuhudumia vizuri na yeye atapata haki yake. Ata mie niliamini. Lakini matabishi inakuya nyuma, sahani ya sambaza imeshaisha, na tafiti za Marekani zinaonyesha ubora wa huduma unabadilisha kidogo tu ile pesa batu banaacha, wengi banaacha ile bamezoea. Japani si desturi kuacha kitu na mugeni anapokelewa vizuri tu.

Upande wa haki njo unaniuma. Marekani sheria ya taifa inaruhusu patroni alipe serveze dola 2.13 kwa saa, tangu 1991, bora ile mushahara na matabishi pamoja vifikishe dola 7.25 kwa saa, kwa hiyo pesa yako inamupunguzia patroni muzigo. Na yule mama anaosha masufuria kule nyuma, mikono kwenye maji mpaka usiku, ile noti yako ya elfu moja mara nyingi haimufikie.

Siseme muache kutoa. Uliza serveze polepole, patroni akiwa mbali: hii inabaki kwako ao munagawana? Mushahara unatoka kila mwezi? Na angalia fakture, pengine huduma imeshahesabiwa.