Fizi kuvimba sio uchafu wala kifafa kuhamia mdomoni

Watu wakimuona mwenye kifafa fizi zimevimba mpaka zinafunika meno wanasema hapigi mswaki, wengine eti ugonjwa umehamia mdomoni. Hapana jamani. Mara nyingi ni dawa ya kifafa, hasa fenitoini, inatumika tangu 1938 na karibu nusu ya wanaoimeza muda mrefu fizi zinawakua. Mswaki laini asubuhi na usiku unasaidia sana, na daktari anaweza kukubadilishia dawa polepole fizi zikapungua. Ila usiache vidonge ghafla kisa unaona aibu kucheka mbele za watu, kifafa kinaweza kupanda mfululizo bila kukatika na hiyo inaua!! Ukiimeza fenitoini muda mrefu mifupa nayo inaweza kudhoofika taratibu, ukienda kliniki ulizia vitamini D.