Slivu (upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula) inapunguza kilo kweli, ila kazi kubwa inaanza ukisharudi Mbeya

Mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu mnaijua, aliingia mama mmoja kliniki kashikwa mkono na mdogo wake, anatembea kama mtu anayekanyaga godoro. Akaniambia daktari miguu inawaka moto, alafu naona watu wawili wawili. Wiki 7 nyuma alifanyiwa slivu mbali na huku, kilo zimeshuka vizuri na mtaani wanamsifia, ila wiki 3 zote kila anachoweka mdomoni kinarudi. Alikopita kabla ya kuja kwangu walimtundikia dripu za glukozi na sindano ya kuzuia kutapika, basi, wakamruhusu arudi nyumbani.

Ile ni vitamini B1 imeisha mwilini. Akiba yake ni ya wiki 2 au 3 tu, ukitapika mfululizo inakwisha, na mwili unaitumia hiyohiyo B1 kuchoma sukari, kwahiyo ukimpa mtu glukozi bila B1 unamalizia na kile kidogo kilichobaki. Tulimpa B1 ya mshipa kabla ya kitu kingine chochote. Macho yalitulia ndani ya siku chache, miguu ilichukua miezi. Iliniuma sana, maana dawa yenyewe ni ya bei ndogo na ilikuwa inazuilika kabisa.

Naanza na huyu mama kwa sababu kila wiki naulizwa "daktari, slivu inasaidia au wanakula hela za watu?" Inasaidia. Wanakata kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, linabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi, na utumbo hauguswi, hilo watu wengi wanachanganya. Ile sehemu inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndo maana wagonjwa wananiambia zile njaa za kuamka usiku kutafuta chakula zimepotea zenyewe.

Sasa tuongee kilo. Chukua dada wa futi 5 na nusu mwenye kilo 120. Mwaka wa kwanza anaweza kupunguza kilo 30 hadi 36, na hapo ndo picha zinapopostiwa. Picha za mwaka wa kumi huwa hazipostiwi. Finland waliwafuatilia watu 240, wengine slivu wengine baipasi (upasuaji mwingine, ule unaopitisha chakula pembeni kikaruka sehemu ya mfuko na utumbo), na baada ya miaka 10 wa slivu walikuwa wamepunguza kama asilimia 43 ya uzito wa ziada, yaani zile kilo zinazozidi uzito unaofaa kwa urefu wako, wa baipasi kama 51. Kwa dada yetu ziada ni kilo 50, kwahiyo tunaongelea kilo 22 hivi za kudumu. Mimi nasema hizo ni nyingi sana, presha inashuka, magoti yanapumua, kukoroma kule kwa kukata pumzi kunapungua. Ila kama ulienda ukitegemea kubaki na kilo 70 maisha yako yote utavunjika moyo mwaka wa tatu, na mtu akishavunjika moyo anaacha kuja kliniki.

Wenye sukari pia msikilize. Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa wa sukari miaka 5, waliofanyiwa slivu asilimia 23 walifika kwenye kiwango kizuri kabisa cha kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3, waliotumia dawa peke yake asilimia 5. Ni tofauti kubwa, lakini hesabu inaonyesha pia wengi hawakufika, kwahiyo usitupe dawa yako ya sukari, metformini, siku ya kutoka wodini.

Kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha ni kiungulia. Kwenye ule utafiti wa Finland, baada ya miaka 10 endoskopi ilikuta koo la chakula limeungua kwa asidi kwa asilimia 31 ya watu wa slivu, wa baipasi 7 tu. Kama leo hii unalala umeegemea mito mitatu kwa kiungulia, mwambie daktari wa upasuaji kabla, pengine slivu siyo yako.

Chakula chetu nacho kina mambo yake. Ugali mgumu tunaoupenda unakwama, nyama ya kuchoma nayo inakwama, kwahiyo mtu anakimbilia vinavyoteleza: uji wa sukari, soda, juisi ya parachichi yenye maziwa na sukari vijiko vinne. Vinapita bila kushibisha na kilo zinarudi taratibu. Mimi nawaambia anza na protini, gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, kwahiyo dagaa, maharage laini, samaki na maziwa mgando viwe ndo chakula chenyewe, ugali ufuate kama nafasi ipo. Wa Iringa na Njombe, ulanzi sasa unapanda kichwani haraka kuliko zamani, na ule mtamu ni sukari vilevile.

Na maneno ya watu jamani. Kuna dada aliacha kwenda kikoba kwa sababu wenzake walianza kunong'ona kwamba "kaungua", yaani ana UKIMWI, akaanza kulazimisha kula ili anenepe wanyamaze. Tulikaa naye mara tatu, mara ya tatu alikuja na mume wake, na huyo mume ndo aliyeenda kuongea na wale akina mama.

Kama umefanyiwa Dar au India, usipande basi bila karatasi inayosema ulifanyiwa nini na tarehe gani, maana fundi wako yuko kilomita zaidi ya 800 na daktari wa zamu hapa hakujui. Multivitamini, B12 na madini ya chuma ni za maisha, vipimo vya damu angalau kila mwaka, mimba subiri miezi 12 hadi 18. Ukitapika siku ya pili mfululizo nenda hospitali usiku huohuo, onyesha ile karatasi, na kabla hawajatundika glukozi waambie B1 kwanza.