Nchi Ikitaka Kujitoa Jumuiya, Nani Anaamua?

Kila Tanzania inapovutana na jirani kibiashara, kama ilivyokuwa Julai 2025 ilipotoka amri ya kuzuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogondogo, kwenye vijiwe vya kahawa hapa Arusha hakosi mtu wa kusema, "Si tujitoe tu Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Mwingine hudakia kwamba haiwezekani. Inawezekana, na utaratibu wake umeandikwa.

Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka Bunge la nchi husika lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu apewe notisi ya maandishi ya miezi 12. Miezi yote hiyo nchi inaendelea kutimiza wajibu wake. Ikighairi, inaifuta notisi.

Wabishi wengi huishia hapo kwenye kutoka. Mimi ninayeshinda na maswali haya hutaka tufike Namanga, mpakani na Kenya. Mfanyabiashara wa vitunguu vya Mangola mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa yake ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili (kinachothibitisha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya) palepale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kenya inakitambua cheti kile kwa sababu ya Jumuiya. Tukitoka bila makubaliano mengine, atatozwa kama mgeni. Anayepigia debe kutoka atuonyeshe hayo makubaliano mapya. (Na anayetaka tubaki atueleze ilikuwaje Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu, mkataba ukiwepo.)

Tazama waliotoka kabla ya kujibu swali hilo. Uingereza ilipiga kura 23 Juni 2016: asilimia 51.9 watoke Umoja wa Ulaya, 48.1 wabaki. Scotland, iliyo sehemu ya Uingereza, ilitaka kubaki kwa asilimia 62. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka; watatokaje, haikuuliza. Ugomvi wote ukahamia huko. Mwaka 2019 wabunge waliukataa mara tatu mpango wa Waziri Mkuu Theresa May, fundo kubwa likiwa mpaka kati ya Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, inayobaki Umoja wa Ulaya: mizigo ikaguliwe wapi? Walitoka 31 Januari 2020, na ubishi haujaisha.

Sisi tulionja mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Mpaka na Kenya ulifungwa hadi 1983, mgawanyo wa mali na madeni ukasainiwa hapahapa Arusha Mei 1984, na waliokuwa watumishi wa Jumuiya wakafuatilia mafao yao kwa miaka mingi.

Wanaotaka kutoka hupenda kukumbusha kwamba Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 na maisha yakaendelea. Ni kweli. Ila tulikuwa tungali SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Kenya na Uganda ulishasainiwa Novemba 1999. Tulitoka tukiwa na pa kwenda.