Taazia si hotuba ya msibani

Akifariki mtu maarufu, ubishi unaozuka huwa ni ule ule. Kuna wanaosema marehemu hasemwi vibaya, na kuna wanaoanza kuorodhesha maovu yake hata kaburi halijachimbwa. Kazi yangu ni kuhariri taazia, yaani habari za maisha ya mtu zinazochapishwa anapofariki, na nikiulizwa "tumheshimu au tusimheshimu" huwa sina jibu la neno moja, kwa sababu swali hilo limefunga furushi la vitu vitatu: mwili wa marehemu, wafiwa wake, na kumbukumbu ya aliyoyatenda. Ukilifungua, kila kimoja kina deni lake.

Kwanza huo msemo wenyewe. Unanasibishwa na Chilon wa Sparta, mmoja wa wale wahenga saba wa Wagiriki wa kale, na kitenzi kilichotumika kwa Kigiriki ni cha kutukana: usimtukane aliyekufa. Mwaka 1433 mtawa wa Italia, Ambrogio Traversari, aliutafsiri kwa Kilatini, na humo ukapanuka: wafu wasemwe kwa mema tu. Huo uliopanuka ndio uliosambaa. Waislamu nao wana hadithi mashuhuri inayokataza kuwatukana wafu, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Huko nako linalokatazwa ni tusi. Kati ya kumtukana mtu na kueleza alichofanya alipokuwa na mamlaka pana uwanja mkubwa, na taazia huandikwa ndani ya uwanja huo.

Deni la mwili ndilo jepesi kulieleza. Mikataba ya Geneva ya 1949 inazitaka pande zinazopigana ziwatafute waliouawa na kuwakinga wasiporwe, bila kujali ni wa upande gani. Kama adui wa vitani anastahili hilo, mwanasiasa usiyempenda anastahili pia. Oliver Cromwell, aliyekuwa mtawala wa Uingereza, alifariki 1658. Mwaka 1661 maadui zake walimfukua, wakamning'iniza akiwa maiti, wakakitundika kichwa chake Westminster. Kichwa hicho kilizikwa 1960. Hakuna hoja hata moja juu ya utawala wake iliyopata jibu kwa njia hiyo. Siku hizi maiti hudhalilishwa kwa simu. Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alipokufa kwa ajali ya helikopta Januari 2020, maofisa waliofika eneo la ajali walipiga picha za miili wakaonyeshana, na mwaka 2022 mjane wake akashinda kesi ya fidia ya dola milioni 16. Kanuni ninayoifuata ni kwamba picha ya maiti haichapishwi, hata kama imeshazagaa, hata kama uso umezibwa. Ninaacha mwanya mmoja tu: pale ambapo picha yenyewe ndiyo ushahidi wa jinsi alivyouawa, na jamaa zake wameridhia.

Deni la wafiwa lina muda wake, na muda huo ni mfupi. Linaanzia kwenye kuthibitisha kifo: vyanzo viwili visivyotegemeana, kimojawapo kiwe familia, hospitali au ofisi aliyoitumikia. Ujumbe wa mtandaoni wa "nimepokea kwa masikitiko" si chanzo, hata ukiwa wa waziri, maana mara nyingi waziri naye kazisoma hukohuko. Kisha kuna swali ambalo waandishi chipukizi hulisahau: wazazi na watoto wake wameshaambiwa? Kusubiri nusu saa hakumpotezei msomaji chochote, lakini mama aliyepata habari za mwanawe kupitia simu ya jirani hasahau. Kama marehemu alijiua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba njia aliyotumia haielezwi, wala haipandishwi kwenye kichwa cha habari. Anwani ya nyumbani na majina ya watoto wadogo huachwa. Mjane haulizwi siku ya maziko kama alijua maovu ya mumewe. Maswali hayo wanaulizwa waliofanya naye kazi.

Hata hivyo, deni hilo halimkabidhi mfiwa kalamu. Familia ikiomba kashfa iliyomng'oa madarakani isitajwe, jibu ni hapana, kwa upole, na waambiwe kabla ya kuchapishwa ili wasije wakaikuta gazetini ghafla.

Hapo ndipo tunafika kwenye kumbukumbu, na hapa sikubali kabisa kwamba ukimya ni heshima. Ukimya una gharama, na mlipaji ni yule aliyeumizwa. Mtangazaji Jimmy Savile alifariki Uingereza Oktoba 2011 akiwa na miaka 84, akasifiwa kwa mamilioni aliyochangisha kwa hisani. Mwaka uliofuata waathirika wa unyanyasaji wake wa kingono walisikilizwa hatimaye, na kufikia Januari 2013 polisi walikuwa wamesajili makosa ya jinai 214, ya kuanzia 1955 hadi 2009. Jiwe la kaburi lake liling'olewa usiku kwa ombi la familia yake. Watu walipotaka avuliwe cheo cha Sir, ikabainika hakuna cha kuvua: cheo hicho hukoma mwenyewe anapokufa.

Sheria nayo haina kauli moja. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kwa kawaida madai ya kuchafuliwa jina hufa na mwenye jina. Ujerumani ni tofauti: kifungu cha 189 cha sheria ya jinai kinaadhibu kuidhalilisha kumbukumbu ya mfu, kwa faini au kifungo cha hadi miaka miwili. Ufaransa, sheria ya habari ya 1881 inagusa kashfa dhidi ya wafu pale tu nia inapokuwa kuwaumiza warithi walio hai. Kwa mhariri, hatari iko kule ambako mfu hashtaki. Tetesi ambazo hakuna aliyethubutu kuziandika akiwa hai huja mezani saa ile ile anapokata roho. Woga wa mwanasheria unapoondoka, lazima uangalifu wa mhariri uongezeke, maana anayesemwa hawezi tena kujibu. Kwa hiyo tuhuma isiyothibitishwa mahakamani haiingii bila mambo matatu: nani alituhumu, suala lilifikia hatua gani, na mwenyewe alisema nini alipoulizwa. La tatu likikosekana na nyaraka hazipo, tuhuma inasubiri.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi. Chukua rasimu ya kubuni: "Ameacha pengo lisilozibika. Alikuwa kiongozi thabiti asiyeyumbishwa." Sentensi mbili, habari sifuri. Pengo lisilozibika wameliacha wote niliowahi kuwasoma. "Asiyeyumbishwa" ndilo neno la kulitilia shaka, kwa kuwa nyuma yake huwa kuna mtu aliyetaka kumyumbisha akashindwa. Narudisha rasimu na maswali: alikataa nini, lini, nani akaumia? Irudi hivi: "Aliendelea na ujenzi wa bwawa licha ya onyo la wahandisi wake, na wanakijiji waliohamishwa walisubiri fidia kwa miaka saba." Hakuna tusi humo. Shabiki na hasimu wote wataisoma, na kila mmoja atapima mwenyewe.

Mahali pa kuweka jambo ni uamuzi mzito kuliko maneno yenyewe. Kwenye taazia ya maneno 800, kosa lililomtoa madarakani linakaa aya ya pili au ya tatu. Ukilishusha hadi mwisho umelificha; ukilipandisha hadi sentensi ya kwanza wakati mtu ana kazi ya miaka 40 nyuma yake, umemhukumu. Sentensi ya kwanza wanaipata wale ambao bila kosa hilo tusingewajua. Hata jina la heshima lina uzito. "Marehemu" ni aliyerehemewa, dua iliyogeuka neno la kawaida. Nalitumia mara moja, kisha jina la ukoo linatosha. "Hayati" limezoeleka kwa vigogo tu, limeshakuwa kama nishani, kwa hiyo nawaachia wanaonukuliwa.

Na wanaoshangilia kifo? Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipofariki Aprili 2013, wapinzani wake waliupandisha wimbo wa zamani wa kushangilia kifo cha mchawi hadi nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza. BBC haikuupiga mzima wala haikuunyamazia: ilipiga sekunde chache ndani ya maelezo ya kihabari. Naona walipatia. Hasira ya watu ni habari, lakini si lazima chombo cha habari kiicheze ngoma.

Dawa ya haya yote ni kuandika mapema, kichwa kikiwa baridi na mhusika akiwa hai wa kuulizwa. Mwandishi Mel Gussow wa New York Times aliandika taazia ya mwigizaji wa filamu Elizabeth Taylor, akafa yeye 2005. Taylor alimfuata 2011 na taazia ikatoka na jina la Gussow. Mafaili haya yatunzwe mbali na kitufe cha kuchapisha: Novemba 2020 Radio France Internationale ilichapisha kwa bahati mbaya taazia za watu kama mia moja, akiwemo Pelé na Malkia Elizabeth, wote wazima. Kila faili lipitiwe walau mara moja kwa mwaka, vyeo na umri virekebishwe, na majibu yake mapya kwa tuhuma za zamani yaongezwe.

Faili halifungwi hata baada ya maziko. Ukweli mpya ukijitokeza, taazia ya awali haifutwi mtandaoni. Juu yake inawekwa aya yenye tarehe, ikieleza kilichobainika na sehemu gani ya maandishi ya chini haishiki tena.