Kusasisha plagini yenye XSS ni nusu ya kazi

Ikitoka taarifa kwamba plagini (programu ya nyongeza) ina udhaifu wa XSS, yaani tundu linalomruhusu mtu kupenyeza msimbo wake kwenye kurasa za tovuti, wengi wenye tovuti za WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, hubofya kitufe cha kusasisha, wakaona toleo jipya limeingia, wakaendelea na mambo yao. Kusasisha ni lazima, tena siku hiyohiyo. Lakini katika tovuti ninazoitwa kuzisafisha, mara nyingi nakuta plagini imeshasasishwa na mvamizi bado yumo. Toleo jipya huziba tundu tu, wala haligusi kilichokwisha kupenya.

XSS hutokea pale plagini inapopokea maandishi ya mtu yeyote, kisha ikayatoa kwenye ukurasa bila kuyageuza yawe maandishi matupu. Mtu anajaza fomu ya mawasiliano, na mahali pa jina anaweka skripti, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari. Kivinjari cha atakayefungua ukurasa huo hakiwezi kujua kwamba skripti ile haikutoka kwa mwenye tovuti, hivyo kinaiendesha. Ipo aina inayokaa ndani ya kiungo na kumdhuru anayekibofya. Ninayoiogopa zaidi ni ile inayohifadhiwa kwenye hifadhidata, kwa sababu inasubiri, na anayekuja kuifungua huwa ni msimamizi mwenyewe akisoma ujumbe kwenye dashibodi.

Wengi hudhani hatari yake ni kuibiwa kidakuzi (cookie) cha kuingilia, kile kinachoitambulisha tovuti kwamba umeshaingia. WordPress huvipa vidakuzi hivyo alama ya HttpOnly, kwa hiyo JavaScript, lugha ya skripti hizo, haiwezi kuvisoma. Kinga hiyo ni nzuri, ila mvamizi hahitaji kidakuzi. Skripti yake ikishaendeshwa ndani ya kivinjari cha msimamizi, inaufungua kimyakimya ukurasa wa kuongeza mtumiaji, inachukua tokeni ya usalama iliyomo, inatuma fomu, na papo hapo pana akaunti mpya yenye mamlaka yote. Nywila haikuulizwa. Uthibitishaji wa hatua mbili nao haukusaidia kitu, maana msimamizi alikuwa ameshaingia. Ndivyo ilivyokuwa kwa udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-40000 katika LiteSpeed Cache, plagini inayotumiwa na mamilioni ya tovuti. Ulirekebishwa katika toleo la 5.7.0.1 mwezi Oktoba 2023, lakini mwaka 2024 wavamizi walikuwa bado wakijiundia akaunti za usimamizi kwenye tovuti zilizobaki na matoleo ya zamani.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuchukua nakala ya faili, hifadhidata na kumbukumbu za seva, kabla ya kugusa chochote. Kisha nasasisha, au kama marekebisho hayajatoka, naizima plagini. Baada ya hapo siendi kwenye dashibodi kukagua. Kuufungua ukurasa wa plagini hiyo ukiwa umeingia kama msimamizi kunaweza kuwa ndiko kuiwasha skripti unayoitafuta. Naingia moja kwa moja kwenye hifadhidata na kutafuta dalili za skripti kama `<script`, `onerror=`, `onload=` na `atob(` katika machapisho, maoni, jedwali la mipangilio, na hasa majedwali yaliyoundwa na plagini yenyewe, ambayo watu huyasahau. Orodha ya wasimamizi naisoma humohumo, kwa kuwa zipo plagini bandia zinazoficha akaunti isionekane kwenye dashibodi. Faili za mfumo nazilinganisha na zile rasmi kwa amri ya `wp core verify-checksums`.

Nikimaliza, nabadilisha funguo za siri zilizo kwenye wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, ili kila aliyeingia atolewe, kisha nywila zote. Hapa pana jambo linalowaponyoka hata mafundi wazoefu: tangu toleo la 5.6, WordPress ina nywila za programu, yaani nywila za ziada ambazo programu nyingine huingilia kwenye tovuti, na hizo hazifutiki unapobadilisha nywila ya kawaida. Skripti iliyoendeshwa kwa jina la msimamizi ingeweza kuiunda moja. Zifute zote, utaunda upya zile unazozihitaji.

Kwa mnaoandika plagini, ombi langu ni moja: yageuzeni maandishi pale yanapotoka, kwa kuangalia yanakoenda. `esc_html` ni ya maandishi ya kawaida, `esc_attr` ni ya ndani ya sifa za HTML, `esc_url` ni ya viungo, na `wp_kses` ni pale mnapotaka kuruhusu HTML kidogo. Kuchuja wakati wa kupokea hakutoshi. `sanitize_text_field` huondoa tagi lakini huacha alama za nukuu, na ndani ya sifa, nukuu moja inatosha kuifunga thamani na kuongeza `onmouseover` baada yake. Msidhani pia kwamba fanksheni ya WordPress yenyewe imeshawafanyia kazi hiyo. Aprili 2015 plagini nyingi, zikiwemo maarufu sana, zilikutwa na XSS kwa pamoja kwa sababu waandishi wake waliamini kwamba `add_query_arg`, fanksheni ya kuongeza vigezo kwenye kiungo, husafisha kiungo inachokirudisha. Haifanyi hivyo, na maelezo rasmi ya wakati ule hayakuliweka wazi jambo hilo. Dawa ilikuwa kukizungushia kiungo hicho `esc_url` kabla ya kukichapisha. Tafuteni `add_query_arg` kwenye msimbo wenu leo. Bado naikuta bila kinga katika plagini zilizoandikwa miaka mingi baada ya hapo.